Saa Ndogo Kando ya Jina la Hadija

Halifax, Kanada

Kwako Mama yangu, kijijini Mnyambe,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii imekukuta umekaa kibarazani, mguu wako wa kulia umepoa kidogo, na mdogo wangu Hadija amepanda kutoka Masasi kuja kukusomea. Mvua zimeshuka? Korosho za mwisho mmeshaziokota? Maji mnachota wapi siku hizi? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ni baridi tu inayonionea. Wazee ninaowatunza kazini nao wazima, isipokuwa mmoja anayeniuliza kila asubuhi kama nimeshaolewa, na kila asubuhi anasikitika upya.

Hadija, soma polepole, wala usiruke mahali ukiona wino umelowa.

Mama, najua umeninunia. Usikatae, nakujua. Uliteremka na mwanangu mpaka Masasi, na mguu huo, mkakaa kwenye duka la intaneti la Bwana Athumani pale Mkomaindo mkinisubiri nitokee kwenye kompyuta, nami sikutokea. Jioni ileile mwanangu akaingia unyagoni akiamini kwamba mama yake amemsahau. Hilo ndilo linaloniua. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho, halafu kama ni kunisema, uniseme.

Unakumbuka Hadija alivyokuonyesha namna tunavyoandikiana? Huku kwangu, nikifungua kompyuta ya bibi mwenye nyumba, naliona jina la Hadija, na kando ya jina kuna saa ndogo. Inaniambia huko aliko mwenzangu ni saa ngapi. Mafundi waliiweka ili mtu asimsumbue mwenzake amelala. Mimi niliipenda saa ile kuliko hata picha, kwa sababu ilikuwa inasema sawasawa na saa ya ukutani ya hapa. Watu wa huku wanaanza kuhesabu saa zao katikati ya usiku, kwa hiyo asubuhi tunayoiita sisi saa tatu, saa yao inaandika tisa. Na wakati huohuo, huko kwenu, ni saa tisa alasiri. Tisa huku, tisa huko! Jua tu ndilo lilikuwa mahali tofauti.

Kiangazi chote niliishi kwa namba hizo, Mama. Saa ya ukutani ikifika kumi na mbili nawagawia wazee chakula cha mchana, huku moyoni nasema, saa kumi na mbili hii, Mama anafungia kuku. Ikifika moja nasikia harufu ya kisamvu, naapa naisikia, na moshi wa kuni unaniingia machoni katikati ya jumba lisilokuwa hata na kiberiti. Asubuhi ukungu wa baharini unaufunika mji mzima, huoni nyumba ya jirani, nami nikitembea humo naona kabisa nakwenda kwenye mikorosho yetu, nitaikuta tu hapo mbele. Siku moja mwenzangu wa kazi akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia niko nyumbani kidogo, narudi sasa hivi.

Mwezi wa kumi laini ya Bwana Athumani ikakatika, tukakaa kimya. Mnajua wenyewe mnara wa simu haujafika Mnyambe. Laini iliporudi mwezi wa kumi na moja, Hadija akaniandikia mistari miwili tu: Jumamosi, saa tisa kama kawaida, Mama anakuja na mtoto, utamwona kwenye kamera, jioni anaingia ndani.

Unajua kwa nini Jumamosi ile ilikuwa kubwa kwangu. Mwali akitoka ndani anatoka na jina jipya, na lile la utoto haliitwi tena. Kumwita nalo ni kumtukana. Jina lile nilimpa mimi, nikiwa bado nimelala kitandani na wewe unamfuta uso. Nilimwacha ana miaka saba. Nilitaka nimwite nalo mara moja ya mwisho, tunatazamana, naye aitike, "Abee mama." Basi. Sikuwa na hotuba nyingine.

Ijumaa nilichungulia kompyuta: saa ya Hadija na saa ya ukutani ziko sawasawa. Nikasema hakuna neno. Jumamosi niliamka mapema, nikaoga, nikavaa ile kanga uliyonipa, juu yake sweta, nikajipaka wanja. Bibi mwenye nyumba hapendi kusumbuliwa sebuleni kwake, iliko kompyuta, kabla ya saa tisa ya huku, kwa hiyo nilisimama jikoni na kikombe cha chai. Nje theluji ilikuwa inaanguka polepole, haina hata sauti, nami nilikuwa nafanya mazoezi ya kulitamka jina la mwanangu. Nilisimama hapo saa nzima, Mama, nimependeza, nina furaha, sina haraka. Na saa hiyohiyo ndiyo mliyokuwa mmekaa kwenye benchi la Bwana Athumani mkinisubiri.

Ilipotimia tisa niliketi. Jina la Hadija linawaka. Nikaandika:

"Nimefika! Haya, msogeze mwanangu kwenye kamera."

"Dada, ulikuwa wapi?"

"Wapi tena? Si saa tisa?"

"Saa tisa ipi? Huku ni saa kumi! Mama ameondoka, hata dakika kumi hazijapita. Gari la mwisho la Newala limeshapanda."

"Hadija, usinitanie. Saa yako hapa inasema tisa."

"Hata hii ya Bwana Athumani inasema tisa. Lakini watu wameshaswali alasiri, dada."

Nilibaki kuitumbulia macho ile saa ndogo. Hadija akamwita Bwana Athumani, na yeye akaapa hajagusa kitu. Baadaye ndipo akakumbuka. Wateja walikuwa wanamgombeza kwamba mashine yake ni ya uongo, inaandika tatu wakati kila mtu anajua ni saa tisa. Alipochoka kuelezea, akafungua ile orodha ya miji ya dunia iliyomo ndani ya kompyuta, akatafuta mji ambao saa yake inalingana na ya kwetu ya Kiswahili, akauchagua. Miji yote ya dunia, Mama, akaangukia huu wangu! Hakujua kama kuna mtu wa Mnyambe anaishi humo.

Sasa huku, baridi ikikaribia, serikali inaamuru saa zote zirudishwe nyuma saa moja nzima. Usicheke. Watu wazima na akili zao wanapanda kwenye viti, wanazirudisha. Na ile mashine ya Mkomaindo, kwa kuwa imeambiwa iko huku kwetu, nayo ikajirudisha yenyewe. Ndiyo maana saa yangu na saa ya Hadija ziliendelea kusema sawa, kama mashahidi walioelewana kabla ya kesi. Nyinyi mlikwenda kwa jua na kwa adhana, na ninyi ndio mliokuwa na haki.

Usimgombeze Bwana Athumani. Mimi mwenyewe niliambiwa na bibi mwenye nyumba, rudisha saa yako, nikairudisha, na asubuhi ile nikafurahi sana kulala saa moja zaidi. Sikujiuliza saa hiyo ninayopewa bure inatolewa wapi.

Hadija amenisimulia yote, Mama. Kwamba mwanangu alivaa gauni la kijani, akakaa wima mbele ya kamera, akakataa soda asije akajimwagia. Kwamba kila mara alikuwa anauliza, "Mama ananiona sasa?" Kwamba adhana ilipolia, mashine ikawa bado inasema saa nane na ushei, ukasema, "Mashine hii imelala, na huyo dada yako naye amelala." Kwamba muda wa gari ulipofika mwanangu alisimama bila kubishana, akakisogelea kile kioo kitupu, akasema, "Mama, naenda."

Hapo nilifunga kompyuta. Nililia mpaka bibi mwenye nyumba akaniletea blanketi, akidhani nimefiwa. Sikujua nimweleze vipi, nikalichukua blanketi.

Mama, barua hii itakwenda wiki tatu, pengine nne. Ikifika, mwanangu atakuwa ametoka, amechezewa ngoma, amevishwa kanga mpya. Mkalishe chini, Hadija amsomee yote, tangu shikamoo. Ajue nilikuwepo. Ajue nilikuwa nimevaa na nimepaka wanja, na kwamba sikumsahau hata siku moja. Akitaka kukasirika akasirike, ana haki, ila asiseme sikuja. Nilikuja, Mama. Nilichelewa kuliko watu wote duniani, lakini nilikuja.

Nisalimie Mjomba Saidi, kaka yako, mwambie dawa ya macho nimeipata na itakuja. Msalimie sana Bi Mwanahawa, kungwi wa mwanangu, nampa shikamoo na asante kwa kukaa na mtoto wangu ndani, wakati mimi nilipaswa nimsubiri mlangoni. Mama Shakila jirani naye mwambie chumvi yake niliyoikopa naikumbuka. Wewe Hadija, mdogo wangu, usijilaumu.

Nimejitahidi, Mama, lile jina lake la zamani sijaliandika popote humu. Lilinijia mkononi mara nne, nikaweka kalamu chini. Jipya silijui. Na Mnyambe nzima imeniita kwa jina la mtoto wangu tangu nilipomzaa, kwa hiyo hata mimi sasa sijui naitwa nani. Hapo chini nimeacha nafasi. Mpeni kalamu ajaze mwenyewe, kwa mkono wake, halafu mnirudishie karatasi hii.

Mungu awalinde wote mpaka anikutanishe nanyi.

Ni mimi mwanao,

Mama .................................