Kijiti kwenye Swichi ya Mota

Mjukuu wangu Osmunda,

Marahaba. Hapa Tabora bibi yako hajambo, ila goti linamsumbua. Lakini swali lako limeniudhi: eti kwa nini usiiruke rilei, kile kifaa kinachozima mota ya mashine yako kila ikizidiwa? Mimi niliiruka.

Ilikuwa kwetu Mbinga, wafanyabiashara binafsi walipoanza kununua kahawa. Mota ya mashine ya kumenyea kahawa niliyokuwa naiendesha ilizimika mara tatu, na mkulima mmoja, Mama Kristina, amesimama na magunia yake ya kahawa mbivu.

"Fundi, hizi zikilala zitaharibika!"

Kwa hasira nikabana swichi ya rilei kwa kijiti cha mbuni, isiachie tena. Mota ikanguruma, ikafuka moshi, ikaungua. Kufungua mashine, nikakuta jiwe limekwama. Kulitoa ni kazi ya dakika mbili.

"Sasa utazimenya kwa meno?" akauliza.

Tulizimenya nyumbani kwake kwa mashine ya mkono, nikizungusha mimi mpaka viganja vikachubuka. Gunia la mwisho lilikuwa limeshachacha. Alilimwaga kwenye migomba nikiangalia, na hadi leo najikasirikia.

Kwa hiyo tafadhali, mama, fungua mashine kwanza.

Babu yako