Usingizi Usio Malale

Jumatano, mwezi wa saba. Upepo tangu alfajiri, ule wa kukausha midomo. Majani nyuma ya nyumba yalikuwa meupe kwa umande ulioganda, na maji ya ndoo yalikuwa na utando wa barafu. Sijisikii vibaya. Sijisikii vizuri pia.

Sijisikii.

Jana tumerudi kutoka hospitali, Sumbawanga mjini, juu ya lori la mahindi, mimi na mume wangu Deusi. Nililala njia nzima. Deusi alinifunga kamba kiunoni nisidondoke kutoka kwenye magunia, ncha nyingine akaizungusha mkononi mwake. Kule mjini abiria mmoja alicheka alipoona mtu kamfunga mkewe kama mbuzi wa mnada. Deusi akaikaza tu kamba.

Tulipofika kijijini, mama mkwe alikuwa amesimama barabarani, binti yetu Anjela mgongoni. Mtoto wa miaka minne si wa kubebwa. Mama mkwe hakuuliza habari za safari. Aliuliza, "Ni malale?"

"Si malale, mama," Deusi akasema.

Mama mkwe akasema kwa Kifipa kwamba afadhali yangekuwa malale.

Namwelewa. Malale, ule ugonjwa wa usingizi, kila mtu huku anayajua. Mtu ameumwa na mbung'o porini, anachomwa sindano, anapona au anakufa, na majirani wanajua la kufanya katika hali zote mbili. Hata mimi pale wodini niliomba yawe malale. Walinitoa damu. Wakanichoma sindano ya uti wa mgongo, nikauma shuka. Wakatafuta wadudu, wasiwaone.

Kisha akaja daktari mzee, Mzungu, mgeni kwenye hospitali ile. Alikaa kitandani kwangu, jambo ambalo madaktari hawafanyi, akaniuliza, "Mama, ukicheka sana, magoti yanalegea?"

Nilimtazama Deusi. Yeye ndiye aliyejibu. "Anaanguka kabisa, daktari. Kama gunia."

Halafu akauliza jambo la pili. Kama huwa naona mtu chumbani ninapoanza kusinzia, na mwili unakataa kusogea.

Hapo nililia. Yule mtu anayesimama karibu na mlango sikuwahi kumtaja kwa yeyote, hata kwa padre. Nilidhani ni wa kwangu peke yangu, kwamba alinifuata kutoka kwenye nyumba yetu ya zamani tulipohamishiwa hapa kwenye kijiji cha ujamaa. Daktari alisema ni sehemu ya ugonjwa, wagonjwa wengi wanamwona mtu wao. Ugonjwa unaitwa nakolepsi. Nimeandika kama nilivyosikia. Hauambukizi. Hauui. Hauponi.

Alisema "hauponi" kwa upole, kisha akaniuliza kama nimekula.

Tangu hapo sijalia tena. Nimejaribu, machozi hayaji.

Amenipa vidonge, vile wanavyopewa wenye pumu. Cha leo asubuhi nimemeza, moyo ukaenda mbio kama wa kuku aliyekamatwa, lakini macho yalifunguka. Alisema kila mchana nijilaze kidogo kwa kupenda mwenyewe, kabla usingizi haujanichagulia mahali. Nisikae peke yangu na moto. Nisiende kisimani peke yangu. Nisiachwe peke yangu na watoto wadogo.

Hilo la mwisho alilisema bila kujua kazi yangu.

Kina mama wakienda shamba la kijiji, mimi ndiye ninayebaki na watoto bandani. Nawapikia uji wa ulezi, nawafundisha irabu nikiandika kwa mkaa ukutani. Nilichaguliwa kwa sababu nilimaliza darasa la saba kwa masista, na kwa sababu watoto wananipenda. Hilo la pili halikuandikwa popote lakini lilikuwa kweli.

Mwezi uliopita nilisinzia nikikoroga uji. Niliamshwa na harufu. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa motoni. Watoto walikuwa wamekaa mbali, hakuna aliyeguswa. Lakini tangu siku ile, nikifumba macho, mkono ninaouona motoni ni mdogo kuliko wangu.

Kijijini walikuwa wameshaupa ugonjwa wangu jina lao. Katika mkutano mmoja nililala wakati katibu anasoma taarifa ya kilimo. Mama Skola, jirani yetu wa nyumba ya tatu, akasimama akasema kijiji hiki hakiwezi kulisha kupe. Watu wakapiga makofi. Makofi yakaniamsha. Nikapiga na mimi.

Deusi ndiye aliyenisimulia baadaye nilikuwa napigia nini.

Leo Mwenyekiti aliita wazazi wa watoto wa bandani waje ofisi ya kijiji wakitoka shamba. Walikuja na majembe, wameinamia upepo, udongo hadi magotini. Mama mkwe alikaa karibu na mlango. Deusi alisimama nyuma yangu. Nilijua kwa nini anasimama.

Nilisimama, nikawaamkia wazee, nikaeleza. Nilisema si malale. Nilisema ni kitu ndani ya kichwa kinachotawala kulala na kuamka, na changu kimeharibika. Sauti yangu ilikuwa kavu, kama ninasoma tangazo la mtu mwingine. Niliona nyuso zikinitazama kwa adabu. Hakuna aliyeamini, na sikuwalaumu. Ugonjwa ambao dalili yake ni usingizi, ukimpata mtu wakati wa kupalilia, nani asingeutaka?

Mzee Sikazwe akaomba kusema. Ni mzee kuliko wote pale, na husema anachotaka. "Ndugu Mwenyekiti," alisema, "mke wangu naye ana ugonjwa huo. Tangu nimuoe, nikianza kuongea tu, analala. Mbona sikumpeleka hospitali?"

Mkewe, aliyekaa na akina bibi kwenye mkeka, akajibu bila kuinua kichwa. "Fupisha basi. Umeshaanza, na mimi macho yananiwia mazito."

Ofisi nzima ilicheka. Mwenyekiti mwenyewe alicheka hadi akavua kofia. Na mimi, niliyekuwa nimeshinda tangu jana bila kusikia lolote moyoni, nilichekeshwa. Kicheko kilikuja ghafla. Sikupata nafasi ya kujizuia.

Shingo ilitangulia, kichwa kikadondoka kifuani. Halafu magoti. Deusi alinidaka kwapani, akanilaza sakafuni polepole. Shavu langu lilikuwa kwenye udongo. Macho yalikuwa nusu wazi, naona ncha za majembe na miguu ya watu. Sikuwa nimezimia wala sikuwa nimelala. Nilisikia kila kitu.

Nilisikia, "Mnaona? Kalala tena."

Nilisikia, "Huyu kalogwa, msidanganywe na Wazungu."

Nilisikia mwanamke mmoja, sauti yake ninaijua lakini jina lake sitaliandika hapa, akisema taratibu, "Masikini Deusi. Bado kijana yule. Angetafuta mwingine."

Nilitaka kumgeukia. Hata ukope haukusogea.

Ndipo Deusi aliposema. Deusi si mtu wa mikutano. Sijawahi kumsikia akiinua sauti mbele za watu. "Huyu halali," alisema. "Anasikia kila neno. Mwenye la kusema aseme, lakini ajue anasikia."

Upepo tu kwenye bati.

Kitu kikatua juu ya miguu yangu, kanga, kwa sababu gauni lilikuwa limepanda. Mtu akaketi sakafuni kando yangu. Nilimtambua kwa kile kikohozi chake cha kiangazi. Mama Skola. Alikaa tu pale, mkono wake juu ya ile kanga, mpaka vidole vyangu vilipoanza kurudi, halafu shingo, nikainuka nikakaa.

Mzee Sikazwe alikuwa amesimama, ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. "Mwanangu," aliniambia, "mimi ndiye nimekuangusha?"

"Hapana, baba. Mmenichekesha tu."

Akakaa. Nadhani nilimtia huzuni zaidi.

Mwenyekiti akavaa kofia yake tena. "Mama Anjela, wewe mwenyewe unasemaje?"

Ningeweza kuomba nipewe msaidizi. Nililifikiria hilo juu ya lori, kila nilipozinduka. Lakini kiangazi kikiisha kila mkono utatakiwa shambani, na msaidizi ataitwa siku moja, siku mbili, halafu nitabaki peke yangu na moto na watoto. Nakijua kijiji chetu.

Nikasema, "Mnitoe bandani. Nisiachiwe watoto."

Hakuna aliyebisha. Nilitaka mmoja abishe, hata kwa adabu tu. Kina mama waliangalia chini, na niliona mabega yao yakishuka, kama watu waliotuliwa mzigo. Wananipenda. Walikuwa wanaogopa siku zote na hawakujua waniambieje.

Mwenyekiti alitangaza kwamba kuanzia kesho nitakuwa ghalani nikichagua mbegu za maharage pamoja na akina bibi, na Mama Skola atachukua watoto. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya mikutano, kwamba kikao kimesikia, kwamba huu ni ugonjwa na si uvivu, na lile neno la siku ile lisirudiwe katika kijiji hiki. Mama Skola alikuwa bado amekaa sakafuni. Aliitikia kwa kichwa.

Ningepaswa kufurahi. Nilikunja kanga yake nikamrudishia.

Tulikwenda bandani wote wawili kukabidhiana. Nilimwonyesha sufuria lenye ufa ambalo halifai kujazwa. Nilimwambia Pio anaingiza maharage puani, Selina akiumia halii kwa hiyo lazima umtazame usoni, na wale mapacha wasikalishwe pamoja wakati wa uji. Mama Skola alirudia majina kwa sauti, kama mtu anayejifunza katekisimu. Alipofika kwa Selina alisimama.

"Halii kabisa?"

"Kabisa. Anakunja vidole vya miguu. Hapo ndipo utajua."

Akaniangalia kwa muda. Nilidhani ataniomba radhi kwa lile neno. Badala yake akauliza, "Na wewe je, tutajuaje?"

Nilimwambia irabu zinafutika kwa kitambaa chenye maji, nikaondoka.

Nyumbani nilikuta vita vidogo. Deusi alikuwa amechuchumaa jikoni anasonga ugali, moshi umemjaa machoni, na mama mkwe amesimama mlangoni akimtazama kama anayetazama mwizi.

"Mwanangu anasonga ugali na mkewe yuko hai," alisema.

"Yuko hai kwa sababu nasonga mimi," Deusi akajibu.

Ulikuwa ugali wa kutia aibu, kusema kweli. Mabonge kama udongo wa matuta. Mama mkwe alivumilia kidogo, kisha akaingia akamnyang'anya mwiko. "Toka. Unauharibu unga." Akaketi kwenye kigoda, akausonga upya kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Bila kunitazama akasema kuanzia sasa moto wa nyumba hii ni wake, mimi nitaandaa mboga nikiwa nimekaa mbali, na mtu asimbishie. Kisha akaongeza kwamba ulezi ukishapurwa, mimi na yeye tutashuka bondeni, kuelekea Milepa, yuko mganga anayejua mambo ya watu wanaosimama mlangoni.

Kumbe Deusi alimwambia.

Deusi alifungua mdomo kukataa. Nikamwahi. "Sawa, mama. Tutakwenda. Lakini vidonge siachi."

"Nani kakwambia uache?" alisema.

Tulikula. Anjela alilala na tonge mkononi. Wote watatu tulimtazama, tukaacha kutafuna. Mama mkwe akamgusa shavu, na mtoto akafungua macho, akamalizia tonge lake. Ni uchovu wa watoto tu. Alikuwa amecheza na upepo siku nzima. Lakini nimeona namna tulivyotazamana, na nimejua kwamba kuanzia sasa katika nyumba hii hakuna mtu atakayesinzia bila kuangaliwa.

Sikumuuliza daktari kama mtoto anaweza kurithi. Nilikuwa na nafasi. Sikuuliza.

Sasa naandika kabla taa haijazimwa, Deusi amekaa kando yangu anatengeneza mpini wa jembe. Yuko hapo kwa sababu ya taa, ninajua, na yeye anajua kwamba ninajua. Mara mbili mwandiko umeteleza ukaenda pembeni, naye amenigusa bega, nimeendelea. Ninapoyasoma niliyoandika ni kama habari za mtu niliyekutana naye safarini. Nilidhani jina la ugonjwa lingenipa nafuu au lingenivunja. Limekaa tu ndani, kama mgeni ambaye hajasema amekuja kwa sababu gani.

Muda mfupi uliopita Deusi aliweka mpini chini akaniuliza, "Una huzuni?"

Nilifikiri. Nilitafuta kweli kweli. Nikamwambia sijui, aniulize Jumapili.

Amesema sawa, Jumapili tukitoka misa ataniuliza. Na Deusi akisema hivyo hasahau. Nina siku chache za kutafuta jibu.