Kopo la Rangi Darasani

Ndanda, Agosti 1956

Dada yangu Theodora,

Shikamoo. Naomba barua hii ikufikie huko Newala ukiwa mzima, wewe, shemeji na watoto. Je, bado mnateremka bondeni kufuata maji? Mama aliniambia mgongo unakusumbua.

Najua umesikia kwamba niko hospitali. Mwalimu Mkuu amemwandikia baba kwamba nilichezea moto. Sikuchezea, dada. Sikia ilivyokuwa.

Mwalimu Cecil, anayetufundisha sayansi, aliuliza: hewa iliyofungwa ndani ya kopo ina joto la nyuzi ishirini na saba, tuipashe mpaka nyuzi ngapi ili nguvu yake ya kusukuma iwe maradufu? Nilijibu hamsini na nne. Nilisahau kwamba kwanza hujumlishwa mia mbili sabini na tatu, ndipo huzidishwa mara mbili, kisha hutolewa tena. Alinicheka, akasema kwetu Newala tunajua kuhesabu mihogo tu.

Akaleta kopo kuukuu la rangi, akakigongomea kifuniko, akaliweka juu ya jiko la primasi. Akaniamuru niiname karibu, nikitazame kifuniko mpaka jibu langu litimie. Kifuniko hakikutikisika. Darasa zima likacheka, na mimi nikajaribu kucheka nao. Kopo likaanza kulia. Niliomba nirudi nyuma, akasema, "Bado. Jibu ni mia tatu ishirini na saba. Utalisubiri."

Ndani ya kopo mlikuwa na mabaki ya tapentaini, mafuta ya kuyeyushia rangi. Kifuniko kiliruka usoni pangu, na moto ukafuata. Nikiwa sakafuni nilimsikia akisema, "Sasa hutasahau kujumlisha."

Stamili, niliyekaa naye dawati moja, amemwambia Mwalimu Mkuu kwamba jiko nililiwasha mwenyewe. Jumapili alikuja na machungwa. Alisema angesema kweli angefukuzwa. Niliyala machungwa yake, dada. Nilikuwa na njaa.

Bila shaka umekwisha kuona kwamba mwandiko huu si wangu. Ananiandikia Bibiana, muuguzi wa wodi hii. Macho yangu yote mawili yamekwisha. Daktari aliniambia jana kwamba hakuna la kufanya. Baba na mama wanadhani ni bandeji tu. Tafadhali waambie wewe, kabla sijafika.

Nisalimie shemeji, na mwanao Ethel mbusu kwa niaba yangu. Ijumaa lori litanishusha hapo Newala, sokoni. Njoo unipokee. Ukinikuta, sema kwanza, ndipo unishike, maana bado nashtuka.

Mdogo wako akupendaye,
Isaka