Karo ya Sikitu

Jumapili, 2 Juni. Kihesa

Sijaandika tangu tulipomzika Mama Tito, mke wangu. Sina udhuru wa maana. Kalamu ilikuwepo, daftari lilikuwepo, mikono ni mizima. Naomba radhi. Simwombi mtu, maana hapa hakuna msomaji ila mimi, lakini ukimya wa miezi mitatu si jambo la kupita bila neno.

Baridi kali. Ibada ya kwanza. Baada ya ibada mnada wa mfuko wa elimu, kama kila Jumapili. Mayai, debe la viazi, jogoo mmoja mwenye hasira. Jogoo alinunuliwa, akarudishwa mezani, akanadiwa tena. Ndiyo desturi yetu: anayenunua hurudisha, ili mfuko upate mara ya pili na ya tatu. Hivyo ndivyo usharika unavyowasomesha watoto wake. Nilisimamia, kwa kuwa mimi ni mwenyekiti wa kamati. Sikununua kitu.

Mzee Kihwele, mweka hazina wetu, alinivuta nyuma ya kanisa. Alitazama viatu vyake. Akasema, "Mwalimu, yule mjukuu wako anarudisha hela za mfuko. Kwa simu, kidogo kidogo. Nilidhani umemtuma wewe."

Sikumtuma. Sikitu yuko mwaka wa pili chuoni Mbeya, na karo yake inatoka katika mfuko huu. Kanuni inasema anayerudisha fedha ni yule aliyeacha masomo kabla mwaka haujaisha. Kanuni hiyo niliiandika mimi.

Nimempigia simu mchana. Amesema, "Shikamoo, Babu. Niko darasani, nitakupigia."

Leo ni Jumapili.

Jumatano, 5 Juni

Hajapiga. Nina hasira. Tumemlea mtoto huyu tangu hajajua kufunga vifungo, na hatukumfundisha uongo.

Nimeingia bustani ya Mama Tito kwa mara ya kwanza. Mashina yote yamekauka. Limebaki boga moja, kubwa, chini ya majani makavu. Alilipanda Desemba, kabla hajaugua. Sikulichuma. Nimefunga mlango wa uzio.

Kesho Mbeya.

Alhamisi, 6 Juni. Mbeya

Nimechoka, lakini niandike.

Chuoni, upande wa Iyunga. Karani alikuwa mpole kuliko nilivyotaka. Nilikuja kugombana. Akafungua kompyuta yake, akanieleza taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa. Sikitu hakufanya mitihani ya Februari. Hakuomba ruhusa. Ameondolewa darasani. Anaweza kuomba kurudi mwaka mpya wa masomo utakapoanza, lakini ataurudia mwaka wote na karo italipwa upya. Msichana aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja ndiye aliyenielekeza sokoni Mwanjelwa.

Nimemkuta Sikitu anauza masweta ya mtumba. Alikuwa akiita wateja kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani kwangu. Amekonda. Aliponiona alinyamaza. Dada wa meza ya pili akamwambia, "We Sikitu, mchangamkie mzee, baridi inamtesa huyo."

"Si mteja," akajibu. "Ni babu yangu."

Yule dada akanikabidhi kigoda.

Tangu Makambako nilikuwa napanga maneno makali. Yote niliyasahau. Nilimwuliza swali moja tu: Februari ulikuwa wapi?

"Wodini, Babu. Ulinipigia ukaniambia nisimwache bibi mpaka uje."

Hakusema kwa kunilaumu. Alikuwa anakunja sweta.

Ijumaa, 7 Juni. Mbeya bado

Ni kweli. Nilisema hivyo.

Nakumbuka hata nilipokuwa nimesimama: ofisi ya usharika, nikigawa karo za wanafunzi wengine. Mama Tito alikuwa amehamishiwa hospitali ya rufaa hapa Mbeya. Madaktari walisema anaendelea vizuri. Nilimpigia Sikitu nikamwambia, kaa na bibi yako, usitoke mpaka nije. Akaitika, "Sawa, Babu." Sikumwuliza ana nini wiki hiyo. Mtoto niliyemlea mimi habishani na mkubwa. Siku zote nilijivunia jambo hilo.

Nilichelewa. Kwanza hesabu za mfuko, kisha kikao, kisha mvua zikakata njia nikiwa shambani. Mitihani ilifanyika nikiwa bado nachelewa. Nilipofika, nilifika kuchukua mwili.

Mama Tito hakujua kitu. Sikitu alimwambia chuo kimefunga. Alimnywesha uji, akamsuka nywele, akalala sakafuni kando ya kitanda. Haya ameyasema leo, nilipoyauliza moja moja. Kwa nini hakuniambia baada ya mazishi? Amesema, "Ulikuwa huli, Babu."

Jumamosi, 8 Juni. Kihesa

Tumerudi pamoja. Amekubali kukaa mpaka kamati itoe jibu, si zaidi.

Anataka kurudi Mwanjelwa, auze mpaka amalize deni la mfuko, ndipo afikirie chuo. Nimefundisha miaka mingi. Anayesema "ndipo" namna hiyo harudi. Mfuko usipomlipia mwaka huu, amekwisha kama mwanafunzi. Nami pensheni yangu haifiki huko.

Kanuni haimlipii anayerudia mwaka. Kamati inaweza kulegeza ikiwa kuna sababu nzito. Sababu ipo. Lakini kwenye basi, tulipopita Mafinga, aliniomba jambo moja, na ndilo pekee aliloniomba tangu akiwa mdogo.

"Usiwaambie ni kwa ajili ya bibi. Watasema marehemu ndiye aliyenifelisha. Bibi asisemwe."

Nimemwahidi. Sijui nilichoahidi.

Jumatano, 12 Juni

Kamati.

Nilimwachia makamu kiti, nikakaa upande wa waombaji. Benchi hilo ni la chini. Sikuwahi kulijua.

Nilieleza kwamba Sikitu hakufanya mitihani na kwamba naomba alipiwe mwaka wa kurudia. Kisha Mama Kikoti, mwenye duka la mbegu. Mwanawe aliwahi kurudia mwaka, hakulipiwa, na barua ya kumkatalia ina sahihi yangu.

"Kumbe kanuni hii ina mlango wa uani, Mwalimu? Mbona sisi ulituonyesha ukuta?"

Wengine walicheka. Alikuwa na haki. Nilisubiri wamalize.

Nikasema: "Aliyemzuia kufanya mitihani ni mimi. Nilimwagiza kazi ya nyumbani, akanitii. Kama kuna wa kurudisha fedha za mwaka huo, nitarudisha mimi. Mtoto asome."

Waliuliza kazi gani hiyo. Nikasema, ya nyumbani. Wakauliza tena. Nikajibu vile vile. Nilionekana mzee mkaidi aliyemkatiza mjukuu masomo ili amchotee maji. Na waone hivyo.

Mzee Kihwele alikwenda Mbeya kumwona mgonjwa Februari. Alimkuta Sikitu pale sakafuni. Anajua. Alitazama viatu vyake mpaka kikao kikaisha. Namshukuru.

Hawakuamua. Mchungaji amesema wakutane tena mwisho wa mwezi. Nimejiuzulu uenyekiti. Hakuna aliyenibembeleza nibaki.

Alhamisi, 13 Juni

Sikitu amesikia kisimani kwamba nilimkatiza masomo kwa kazi za nyumbani. Kaja mbio kuniuliza. Nikamwambia si uongo. Amekaa kizingitini. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Jumapili, 16 Juni

Asubuhi nimelichuma boga. Sikitu alilibeba kanisani kwa kanga ya bibi yake.

Mnada. Leo nilikaa nyuma. Boga lilipopandishwa mezani Mama Kikoti alitaja bei kabla mnadishaji hajafungua mdomo. Akalinunua, akalirudisha. Mzee Kihwele akalinunua, akalirudisha. Kijana nisiyemfahamu, naye hivyo hivyo. Mara ya mwisho likamwangukia tena Mama Kikoti. Hakulirudisha mezani. Alitembea nalo mpaka kwenye benchi letu, akaliweka mapajani mwa Sikitu.

"Mbegu hii bibi yako aliinunua kwangu," akasema. "Alininunulia na soda siku hiyo. Lipelekeni nyumbani, na mlikate. Msije mkakaa mnalitazama."

Mimi hakunisalimia. Sidhani kwamba kamati imebadilika moyo kwa sababu ya boga. Yeye ni kura moja, nami simfahamu vya kutosha kujua ni ipi.

Sasa jioni. Maji yanachemka jikoni. Boga liko mezani, kisu kiko kando yake. Sikitu ameketi anakitazama. Hajakata. Kiti cha Mama Tito kiko upande wake wa meza, kama alivyokiacha.

Nimetaka kusema, kata. Sikusema. Akikata, tutakula. Asipokata, kuna ugali.

Jibu la kamati bado. Jibu lake yeye pia bado, kama akilipiwa atakwenda au atarudi kwenye masweta, na hilo sitamwamulia. Yakishajulikana yote mawili, nitaandika.