Bibi Aliyeachwa Langoni

Jumatano, baada ya isha.

Wamemwacha. Wale maiti wanaotembea wa kwenye filamu walifika langoni, watu wote wakapanda gari na kumwacha bibi kizee peke yake. Nimeitukana televisheni mpaka koo likakauka. Sisi wafugaji tukihama, mzee anapandishwa ngamia kwanza, kabla ya sufuria.

Halima, mjukuu wangu aliyenifunza hizi herufi, ndiye aliyekuwa ananitafsiria Kiingereza. Sasa ameolewa Garbatulla. Nikampigia simu, maana naye huitazama filamu hiyo hiyo.

"Hao mbwa wamemwachaje yule mama?"

Akacheka. "Akko, bibi yangu, hawakumwacha. Walimbembeleza, akakataa. Alisema hatoki nyumbani kwake."

Mwezi uliopita baba yake Halima, mwanangu, alikuja na gari akanibembeleza siku mbili nihamie kwake Rapsu. Nilimfukuza. Nilimwambia nitazikwa hapa Isiolo.

"Akko, uko?"

"Niko."

Nilitaka kusema, mwambie baba yako arudi. Nikamuuliza tu kama kwao mvua imenyesha.

Naandika hapa kwa sababu mdomo umekataa. Nataka kwenda.