Kidonge Changu na Chako

Mpendwa Mama,

Nakuandikia mbele ya kikombe cha chai ambacho siwezi kukigusa bado. Nimemeza kidonge cha tezi ya shingo, kile nilichoambiwa ni cha maisha tangu nipasuliwe goita, na unajua lazima tumbo likae tupu nusu saa. Nusu saa hii ilikuwa yetu. Ulikaa kwenye kibao cha mbuzi hapa mlangoni, Kisauni, ukinisimanga: "Haya malkia, chai yako na ipoe vizuri." Wewe dawa zako za sukari ulizimeza na chakula: metformin, ile kubwa uliyoiita bwana harusi, na glibenclamide, ambayo jina lilikushinda, ukaiita katoto.

Ulikuwa msahaulifu wa dawa, nami nilikuwa mkali. "Usiache hata siku moja," nilikukemea, nawe ukaniitikia "abee" kwa utani, kana kwamba mimi ndiye mzazi.

Kisha mchungaji akatangaza mfungo wa siku tatu, wa kutokula kabisa. Ukaniuliza jikoni, "Na dawa?" Sikumuuliza daktari. Nilifikiria kidonge changu, kinachotaka tumbo tupu, nikakujibu, "Meza tu, Mama. Dawa si chakula, na funda moja la maji Mungu ataelewa."

Siku ya pili ukaanza kutetemeka kanisani. Jasho lilikulowesha leso, ukawa unasema maneno yasiyoshikana. Akina mama wakasema umeshukiwa na Roho, wakazidisha nyimbo. Nami, Mama, nilipiga makofi. Nilikuonea fahari. Ulipoanguka wakakufunika leso, wakaendelea kuomba, na hapo nje langoni palikuwa na kibanda cha soda.

Hospitalini daktari aliniuliza ulikula nini asubuhi. Nikasema, "Dawa." Akaniambia katoto kale, kakimezwa bila chakula, hushusha sukari ya damu hadi kuua, na soda moja ingekuokoa. Hukuamka.

Tangu hapo watu wanasema Bwana alikuchukua ukiwa katika maombi, kifo kizuri, nami naitikia amina. Naona haya, Mama. Najichukia kila ninapoitikia.

Jana Mama Riziki, jirani yetu, alikuja na bahasha yake ya dawa za sukari. Mfungo mwingine unaanza Jumatatu. "Mwanangu, wewe ulimuuguza mamako. Nikifunga, nimeze?" Nikamwambia asifunge, aende kwanza kwa daktari. Akacheka. "Mbona mamako alifunga, na Mungu akampokea?"

Nikamketisha kwenye kibao chako, nikamweleza yote, makofi pia. Akakusanya dawa zake, akaondoka bila kuniaga. Sijui kama ameniamini. Na kanisani mle wenye sukari si yeye peke yake. Kwa hiyo kesho, Jumapili, nitasimama mbele ya wale wote walioimba, niwasomee barua hii.

Nusu saa imekwisha, Mama. Lala salama.

Ni mimi mwanao, uliyemtii.