Funda Moja la Mvua

Arlington, Texas

Kwa dada yangu mpenzi Mwanaisha,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute na afya, na goti liwe limekuruhusu kusali kwa kusimama. Mimi ni mzima, alhamdulillahi. Ningekutumia sauti kwa simu, lakini haya nataka uyasome taratibu.

Nimepata kazi ya kumtunza bibi mmoja mzee, Bi Helen, anayeishi peke yake. Wiki ya kwanza tu ikapiga mvua ya radi usiku kucha. Asubuhi natoka uani, naona kigingi kimefungwa bomba la plastiki lenye mistari, limezibwa chini na wazi juu, limejaa maji. Nawe wajua mama alivyotulea: maji yaliyotuama yasikae, ni mbu. Nikalichopoa. Lakini kumwaga maji ya rehema roho ilinikataa, basi nikayatia kwenye chupa safi, nikapiga bismillahi nikanywa funda moja, mengine nikakuwekea wewe kwa ajili ya goti.

Kumbe bibi ana kazi. Aliponiomba nimshike mkono tutoke uani na kuliona bomba tupu, alikaa kwenye ngazi, akanieleza. Kila asubuhi husoma maji yamefika mstari gani, akawapelekea watu wa hali ya hewa kwa kompyuta. Halipwi. Tangu aanze hajakosa hata asubuhi moja. Mwanawe aliye mji wa Katy anamsihi aache, asije akaanguka, naye hukataa, kwani kazi nyingine zote zimeshamtoka mkononi.

Dada, nilijua kibarua kimeota nyasi. Nikaenda kuileta ile chupa. Akaitazama kama dhahabu, tukayarudisha maji kwenye bomba, akasoma. Ndipo nikamwambia kweli, kwamba funda moja limo tumboni.

Nilidhani atafoka. Akanituma nilete glasi ya maji ya mfereji. "Kunywa kama ulivyokunywa," akasema, "lakini usimeze."

Tulimimina ya mvua kwenye chupa, nikatema funda langu ndani ya bomba, na mimi mtu mzima mwenye wajukuu! Akainama na miwani yake akapima mdomo wangu. Akajumlisha, akaandika, na chini yake akaeleza kwamba sehemu ilinyweka kwa bahati mbaya. Nikasema si lazima waambiwe hilo. Akasema wasipojua namba imepatikanaje, haina kazi.

Tangu hapo namuuliza kila kitu. Hivi kwa nini kupima, na televisheni inaonyesha mawingu yote ya Texas? Anasema mvua ya hapa yaweza kumwagika kwa jirani na kwako vumbi likabaki. Kilichofika chini hakijulikani mpaka mtu aende kutazama. Watu wa hali ya hewa wakishajua ya jana, ndipo wanapojaribu kukisia ya kesho. Hapo nikaingiwa na hofu, nikamwambia ya kesho anayajua Mwenyezi Mungu peke yake.

"Ndiyo maana mimi naandika ya jana," akanijibu.

Nimetembea na jibu hilo mpaka leo. Sasa ngazi zimemshinda kabisa, na asubuhi nashuka mimi baada ya dua zangu, nasoma mstari, nampigia kelele dirishani. Huniuliza mara mbili kama nina hakika, kisha ananicheka: "Na umekunywa?"

Chupa yako amenirudishia. Ameibandika karatasi, ameandika kwa mkono wake: goti la dada. Nitampa mtu anayekuja huko.

Nisalimie mjomba wetu wa dukani, na wifi yetu mshonaji, na wanao wote. Bibi anataka kujua mvua ya kwetu inakuwaje, nami nimeona haya kwamba sijui. Weka kopo lililonyooka katikati ya ua, mbali na maji ya paa, lipime kwa rula asubuhi, na mtu asilimwage. Nijibu upesi, dada, uniambie imefika wapi.

Mdogo wako,
Zuhura